Kishindo Chini ya Gari: Mwongozo wa Kuchunguza na Kutengeneza Miguu ya Mbele

Gari lipitapo juu ya tuta au shimo likatoa kishindo upande wa mbele, jambo la kwanza ambalo wenye magari wengi hulitenda ni kwenda dukani kununua shokomzoba mbili mpya, na jambo la pili, ambalo hufuata baada ya siku chache, ni kumrudia fundi na kulalamika kwamba kishindo kingalipo vile vile. Hasara hiyo haitokani na ubaya wa shokomzoba zilizonunuliwa, wala aghalabu haitokani na hiana ya fundi, bali hutokana na haraka ya kuhukumu. Mguu wa gari umefanyizwa kwa viungo vingi, vingine vya chuma na vingine vya mpira, na kila kimoja kikichakaa hutoa dalili zake mahsusi; kwa hiyo mwenye gari aliye na subira ya kukagua kimoja baada ya kingine, kama kadhi asiyemtia mtu hatiani ila baada ya kusikiliza mashahidi, atagharimika kwa kile kilichoharibika peke yake, naye atajua kwa yakini kwa nini ametoa fedha zake.

Maelezo haya yanahusu magari madogo ambayo shokomzoba yao ya mbele imesimama ndani ya springi, kama vile Toyota Corolla, Premio na Probox, ambazo zimejaa katika barabara zetu. Hayahusu Hilux wala Land Cruiser, ambazo miguu yao imejengwa kwa namna nyingine.

MGUU ULIVYOUNDWA

Mtindo huu wa mguu hujulikana kwa jina la mhandisi wa Kimarekani, Earle S. MacPherson, nao ulipata kuenea baada ya kampuni ya Ford kuutia katika magari yake ya Consul na Zephyr, yaliyodhihirishwa Uingereza mwaka 1950. Watu wa Afrika Mashariki hawakukawia kuuona uthabiti wake, kwani Ford Zephyr ndiyo iliyoshinda mashindano ya Coronation Safari mwaka 1955, katika njia za vumbi na matope ambazo zilikuwa mtihani mkubwa kwa gari lolote. Ubora wa mtindo wenyewe ni kwamba shokomzoba, mbali na kazi yake ya asili, imefanywa pia kuwa nguzo ya kulishika gurudumu na mhimili ambao gurudumu hugeukia dereva azungushapo usukani. Na kwa kuwa kiungo kimoja kimebebeshwa kazi tatu, ulegevu mdogo mahali pamoja huonekana athari yake mahali pengi.

Yafaa basi kazi ya kila kiungo ifahamike kabla ya kushika spana. Springi ndiyo inayobeba uzito wa gari. Shokomzoba haibebi uzito; kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kurukaruka, nayo huifanya kwa kuyalazimisha mafuta yaliyomo ndani yake kupita katika vijitundu vyembamba, hata nguvu ya mrusho ikageuka kuwa joto na kupotea. Juu kabisa, chini ya boneti, pana mauntingi, nayo ni sahani ya chuma iliyoshikanishwa na mpira, ambayo huufunga mguu kwenye bodi kwa nati tatu. Na chini ya mauntingi pana beringi inayouruhusu mguu kugeuka pamoja na usukani. Ndani ya springi, juu ya fimbo ya shokomzoba, umevikwa mpira wa kugotea, ambao huzuia chuma kisigonge chuma gari litumbukiapo katika shimo kubwa, na kava linalokinga fimbo isipate vumbi. Chini, mguu umefungwa kwa bolti mbili nene kwenye chuma kinachobeba kitovu cha gurudumu. Chuma hicho nacho kimeungwa kwa bolijointi na mkono wa chini, na mkono huo umeshikwa kwenye bodi kwa bushi za mpira. Mwisho, iko linki ya stabilaiza, kijifimbo chenye kifundo kila ncha, ambacho huunga mguu na ile fimbo ndefu inayozuia gari lisilale upande linapokata kona.

Katika maelezo hayo limo jambo ambalo likishikwa vyema litamwokoa mtu na gharama nyingi: kimo cha gari ni amali ya springi, na utulivu wa gari ni amali ya shokomzoba. Gari lililoinama upande mmoja likiwa limesimama halitainuka kwa kununuliwa shokomzoba, na gari linalorukaruka kama mashua katika mkondo halitatulia kwa kubadilishwa springi.

MAMBO YANAYOUCHAKAZA

Mashimo na matuta kila mtu anayajua, lakini adui wa siri ni vumbi na chumvi. Kava likipasuka, vumbi la barabara ya changarawe huganda juu ya fimbo inayong'aa, na kila fimbo ishukapo vumbi hilo huisugua sili ya mpira mpaka ikaanza kuvujisha mafuta. Katika miji ya pwani, kuanzia Lamu na Mombasa hata Tanga, Unguja na Dar es Salaam, hewa ya bahari huleta kutu, na kutu huanza pale ambapo rangi ya springi imebanduka, hasa kwenye mzunguko wa chini kabisa unaokaa katika kikombe kinachotuamisha maji na mchanga. Ndiyo sababu springi nyingi hukatikia hapo, mahali ambapo jicho halifiki upesi. Zaidi ya hayo, mpira huzeeka kwa joto na kwa miaka, hata gari lisipotembea sana.

KUSIKILIZA

Anza uchunguzi kwa kuliendesha gari polepole, redio imezimwa na vioo vimeshushwa, katika njia unayoijua, ukiwa na mtu wa pili asikilize upande wa abiria. Kabla ya hapo toa jeki, spana na tairi la akiba katika buti ya nyuma au uvifunge vizuri, kwa sababu si mara moja watu wamefungua mguu mzima kutafuta kishindo kilichokuwa cha jeki iliyolegea.

Pita kwanza katika tuta lililonyooka, magurudumu yote mawili ya mbele yakipanda kwa wakati mmoja. Kisha pita mahali penye vishimo vidogo vidogo vinavyokuta gurudumu moja moja. Linki ya stabilaiza iliyolegea hugonga ko-ko-ko katika vishimo hivyo, lakini juu ya tuta lililonyooka hunyamaza, kwa kuwa magurudumu yakipanda pamoja fimbo ya stabilaiza haipindwi na linki haina la kusema. Shokomzoba iliyokwisha, kinyume chake, husema juu ya tuta: gari likishuka hupiga kishindo kizito kimoja, na mbele ya gari huinuka na kushuka tena na tena baada ya tuta kupitwa.

Kisha tafuta mahali patupu, nenda mbele kidogo ufunge breki, rudi nyuma ufunge breki. Ukisikia kishindo kimoja cha chini kila mwendo unapobadilika, tuhuma iende kwa bushi za mkono wa chini. Mwisho, gari likiwa limesimama, zungusha usukani taratibu kutoka mwisho wa kushoto hadi mwisho wa kulia. Mlio wa springi inayojiviringa kisha ikajifyatua ghafula, au usukani unaokataa kurudi wenyewe baada ya kona, ni dalili ya beringi ya juu iliyokwama.

KUTAZAMA

Egesha gari mahali tambarare, hakikisha upepo wa matairi uko sawa, halafu pima kwa utepe kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi juu yake, upande huu na upande ule. Tofauti iliyo bayana kati ya kushoto na kulia yakutaka umulike springi kwa tochi mzunguko kwa mzunguko, na hasa ule wa chini kabisa, ukitafuta ncha mpya ya chuma kilichokatika.

Geuza usukani hadi mwisho ili uone mwili wa shokomzoba. Unyevu mwembamba uliochanganyika na vumbi karibu na sili si ugonjwa, kwani fimbo ipandapo hutoka na utando kidogo wa mafuta. Lakini mafuta yaliyotiririka na kulowesha nusu ya mwili wake ni hukumu isiyohitaji rufaa. Sukuma kava juu kwa kidole na upapase fimbo: fimbo nzima huteleza kama kioo, na yenye kutu au mkwaruzo hukwaruza ukucha, nayo itaikata hata sili mpya. Tazama pia kama mpira wa kugotea ungalipo, kwa sababu mara nyingi hukutwa umekuwa makombo ndani ya kava, na gari likaendeshwa miezi mingi chuma kikigonga chuma huku lawama zote zikibebeshwa shokomzoba.

Matairi nayo ni shahidi mwaminifu. Pitisha kiganja juu ya uso wa tairi kulizunguka. Tairi lililoliwa kwa mabonde na vilima, hapa juu hapa chini, laonyesha kuwa limekuwa likidundadunda barabarani kwa kukosa kizuizi, yaani shokomzoba ni dhaifu. Lililoliwa upande wa ndani au wa nje peke yake laonyesha kuwa gurudumu limeinama au halielekei sawa, na sababu yaweza kuwa springi iliyochoka, bushi iliyopasuka, au alaimenti isiyopimwa.

KUSHIKA KWA MKONO

Lile jaribio la kulikandamiza gari kwenye kona ya mbele na kuliachia lina faida yake: likipanda na kutulia, basi kuna uhai, likiendelea kuyumba mara mbili au tatu, shokomzoba imekwisha. Lakini jaribio hilo humfichua mgonjwa mahututi tu, na shokomzoba iliyopoteza nusu ya nguvu zake huweza kulipita, kwa hiyo lisitumiwe peke yake.

Jaribio la beringi ya juu ni hili, nalo halihitaji chombo chochote. Mwambie mwenzako akae kwenye usukani. Wewe piga goti kando ya gurudumu, penyeza mkono juu ya tairi ushike springi kwa kiganja kilicholegea, ukiangalia vidole visikae kati ya mzunguko na mzunguko, naye auzungushe usukani polepole. Springi iliyo juu ya beringi nzima hugeuka mkononi mwako kwa ulaini usiokatika. Springi iliyo juu ya beringi mbovu hukaa kimya, ikajikaza, utaihisi ikizidi kukakamaa, kisha hufyatuka kwa mrusho mmoja unaoutetemesha mkono hadi kwenye kiwiko, ikakaa kimya tena. Aliyelihisi jambo hilo mara moja hatalikosea tena.

Kwa viungo vya chini sharti gari liinuliwe na kuketishwa juu ya stendi, magurudumu ya mbele yakining'inia. Shika tairi kwa juu na chini, ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki: mchezo ukitoweka, ni beringi ya gurudumu, ukibaki, ni bolijointi au bolti za mguu zilizolegea. Kisha shika kushoto na kulia. Mchezo wa hapo huwa wa tairodi endi au wa raki ya usukani. Penyeza mtaimbo chini ya tairi ulinyanyue kidogo kidogo huku mwenzako akitazama bolijointi; katika mtindo huu wa mguu uzito wa gari haupiti katika bolijointi ya chini bali hupanda juu kwa springi, kwa hiyo gurudumu likining'inia ulegevu wake huonekana wazi. Linki ya stabilaiza ichunguzwe gari likiwa chini kwa magurudumu yote, maana gurudumu moja likining'inia fimbo huikaza linki na kuuficha ulegevu. Ishike kwa mkono uitikise kwa nguvu. Isiposema kitu, nawe ungali na shaka nayo, fungua linki zote mbili, endesha mita chache kwa mwendo wa miguu katika uwanja, na kishindo kikitoweka umempata mkosaji, nawe urudishe linki kabla ya kuingia barabarani.

Baada ya majaribio hayo yote, andika ulichokiona. Pengine utakuta viungo viwili vimechakaa pamoja, kwani kilicholegea huwachosha jirani zake. Lakini mara nyingi utakuta kwamba kilichokuwa kikipiga kelele kwa sauti ya shokomzoba mbili kilikuwa ni linki moja, ambayo bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya shokomzoba.

KUNUNUA

Uendapo dukani, iwe ni Gerezani pale Dar es Salaam au Barabara ya Kirinyaga mjini Nairobi, iliyokuwa ikiitwa Grogan, chukua namba ya chesisi na, ikiwezekana, kiungo chenyewe kilichoharibika, kwa sababu magari mawili ya jina moja yaweza kuwa na miguu isiyolingana. Shokomzoba za mbele zina upande, ya kushoto haiwi ya kulia, na zinunuliwe mbili mbili, kwa kuwa gari lenye mguu mmoja wenye nguvu na mmoja dhaifu huyumba linapofungwa breki. Madhali mguu utafunguliwa, ni busara kununua pamoja nazo mipira ya kugotea na kava, na mauntingi pamoja na beringi ikiwa za zamani zina dalili yoyote ya uchovu. Kazi ya kuufungua mguu ni ile ile, na kuirudia mara ya pili kwa ajili ya beringi ni kulipa mara mbili.

Vitu vya mtumba kutoka Japani vina wateja wengi, na baadhi ni vizima, ila mnunuzi azingatie kwamba hanunui chuma peke yake, ananunua na umri wa mpira na sili. Isimamishe shokomzoba, ikandamize kwa uzito wa mwili hadi chini, iachie: ikishuka kwa uzito ulio sawa mwanzo hadi mwisho, yafaa; ikiwa na mahali inapoporomoka bila kizuizi, iache. Jiepushe na shokomzoba zilizotobolewa, zikajazwa mafuta, kisha zikachomelewa. Mafuta yameongezwa, naam, lakini vali zilizolika na sili zilizochoka zimebaki zile zile, gesi iliyokuwamo imetoka, na moto wa kuchomelea umeidhuru mipira. Hali kadhalika ile mipira inayopachikwa katikati ya mizunguko ya springi ili gari liinuke haiponyi springi iliyochoka. Huuhamishia mzigo kwenye mizunguko michache iliyobaki, nayo ikaelemewa.

KUFUNGUA MGUU

Fanya kazi mahali tambarare na pagumu. Ingiza gia, au P kwa gari la otomatiki, vuta handibreki, zuia magurudumu ya nyuma kwa magogo au mawe, legeza nati za tairi ilhali gari lingali chini, kisha liinue na uliketishe juu ya stendi mahali palipowekwa na mtengenezaji. Mtu asiingize kiungo chochote cha mwili wake chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Hilo si la kujadiliwa.

Ondoa gurudumu, piga brashi ya waya kwenye nati zote, na uzimiminie mafuta ya kulainisha kutu, ikiwezekana tangu jana yake. Kwa rangi au msumari chora mstari unaozunguka bolti mbili za chini na ukingo wa mguu pale unapokutana na chuma cha kitovu, ili utakaporudisha gurudumu lisipotoke mno katika mwinamo wake. Fungua kishikio cha mpira wa breki na waya wa ABS kama upo. Fungua linki ya stabilaiza. Kifundo chake kikizunguka pamoja na nati, kizuie kwa spana ya aleni inayoingia katika ncha yake. Weka jeki ya pili chini ya mkono wa chini, iguse tu, ili chuma cha kitovu kisianguke na kuuvuta mpira wa breki au kuichomoa sivijointi.

Sasa fungua nati mbili za chini, ukizizungusha nati wala si vichwa vya bolti, kwa sababu bolti nyingine zina meno shingoni ambayo huharibika zikizungushwa. Kisha zigonge bolti zitoke. Nenda chini ya boneti, fungua nati tatu za mauntingi huku mkono mmoja ukiushika mguu usiporomoke. Ile nati moja ya katikati, iliyo juu ya fimbo, usiiguse. Usiiguse kabisa.

SPRINGI NA HATARI YAKE

Sababu ya katazo hilo ni kwamba springi iliyo ndani ya mguu imebanwa hata mguu ukiwa umelala juu ya meza, na nati ya katikati ndiyo kitu pekee kinachoizuia. Ikifunguliwa kabla springi haijabanwa, mauntingi hurushwa kwa nguvu inayovunja taya na kuua, na mafundi wazoefu, si wanafunzi peke yao, wamedhurika kwa haraka ya dakika moja. Kamba, waya na minyororo haviwezi kushika mahali pa kompresa, yaani chombo cha kuibana springi. Asiye na kompresa iliyo nzima, parafujo zake zimepakwa grisi na kulabu zake hazikupinda, na achukue mguu mzima kwa fundi mwenye nayo, amlipe kwa kazi hiyo moja, naye arudi kuumalizia nyumbani. Hakuna fedheha katika hilo.

Aliye nayo aziweke kompresa mbili zikielekeana pande mbili za springi, zishike mizunguko mingi kadiri iwezekanavyo, na azikaze kwa mkono, mara chache huku na mara chache kule, ili springi isipinde upande. Asisimame wala kuinama katika mstari wa fimbo. Springi ikiisha kubanwa vya kutosha itaacha kugusa kikombe chake cha juu, na utaweza kuizungusha kwa vidole. Hapo, wala si kabla ya hapo, fungua nati ya katikati, ukiizuia fimbo kwa spana kwenye ncha yake. Fimbo isishikwe kwa praiza kamwe, kwani mkwaruzo mmoja watosha kuiua sili.

Toa vitu kimoja kimoja na uvipange chini kwa utaratibu uliovitoa: nati, wosha, mauntingi, beringi, kikombe cha juu, kava na mpira wa kugotea. Izungushe beringi kwa vidole ukiikandamiza. Ikikwaruza au ikikwama, ibadilishwe. Ukunje mpira wa mauntingi utafute nyufa na mahali ulipobanduka na chuma.

KURUDISHA

Shokomzoba mpya isimamishwe wima na ikandamizwe hadi chini na kuinuliwa hadi mwisho mara tatu au nne, ili hewa iliyochanganyika na mafuta wakati wa kulazwa ghalani ipate kupanda juu. Kisha ivike kava na mpira wa kugotea, uteremshe springi, na hapa tazama kwa makini: kikombe cha chini kina ngazi, na ncha ya springi lazima ikae ikikabili ngazi hiyo. Springi iliyowekwa ncha yake ikiwa imepanda juu ya ngazi hukaa mshazari, hugonga, na siku moja hujirudisha mahali pake kwa kishindo barabarani. Kikombe cha juu nacho aghalabu kina alama inayopaswa kuelekea nje ya gari. Vitu vyote vikisha kukaa kwa taratibu yake, tia nati mpya ya katikati, kisha legeza kompresa zote mbili kwa zamu kama ulivyozikaza.

Peleka mguu mahali pake, tia nati tatu za juu kwa vidole tu, ingiza bolti mbili za chini, ulinganishe na mistari uliyoichora, kisha kaza. Kiasi cha kukaza kifuatwe kama kilivyo katika kitabu cha gari lako, kwa spana inayopima nguvu, kwa sababu bolti hizo mbili ndizo zinazolishika gurudumu. Rudisha mpira wa breki na waya bila kuupinda, rudisha linki, funga gurudumu, shusha gari. Ikiwa ulizifungua bolti za bushi za mkono wa chini, zikazwe mwisho wakati gari limekwisha kusimama kwa uzito wake. Bushi iliyokazwa gurudumu likining'inia hubaki imenyongwa daima, na haidumu.

Shokomzoba kuukuu zisitiwe motoni wala kukatwa kwa gesi, kwa kuwa nyingi zina gesi iliyoshindiliwa ndani yake na huweza kulipuka.

BAADA YA KAZI

Pita tena katika njia ile ile uliyoanzia, juu ya tuta lile lile na vishimo vile vile, usikilize. Kisha peleka gari likapimwe alaimenti, maana mistari ya rangi huurudisha mwinamo wa gurudumu karibu na ulipokuwa, haiurudishi kwa uhakika, na tairi jipya huweza kuliwa upande katika muda mfupi. Baada ya siku chache za mwendo, rudia kuzijaribu nati zote ulizozifungua.

Hata usipopenda kushika spana mwenyewe, uchunguzi uwe wako. Fundi akisema kitu kimekufa, mwombe kwa adabu akuonyeshe mchezo wake kwa mtaimbo kabla hujanunua, na akupe kile cha zamani baada ya kukitoa. Fundi hodari hachukizwi na ombi hilo, bali hulifurahia, kwa kuwa mteja anayeelewa hamlaumu kwa yasiyo yake. Wala jambo hili lisichukuliwe kuwa ni la starehe peke yake. Breki hazilisimamishi gari. Kinachosimamisha gari ni tairi lililoshika ardhi, na tairi linalodunda kwa ajili ya shokomzoba iliyokwisha liko hewani sehemu ya ule muda ambao dereva anahitaji lisimame. Mtoto akikatiza barabara mbele yako, umbali utakaosimamia utategemea mpira, mafuta na vijitundu vilivyo ndani ya miguu hiyo miwili. Kwa hiyo gari likianza kupiga kishindo, lichunguze juma hilo hilo.